Afya ni Amana: Kidogo Chenye Kudumu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa viungo vya kumwabudia na akili ya kuvitunza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Ama baad:

Ndugu Waislamu, katika darsa zetu tumezungumza mara nyingi juu ya haki ya Mola, na haki ya wazazi, na haki ya jirani. Leo tumeona tuseme juu ya haki moja ambayo wengi wetu twaisahau ilhali twatembea nayo mchana na usiku, nayo ni haki ya mwili. Na lililotukumbusha ni safari yetu ya Embu.

Mji wa Embu ulianzishwa kuwa kituo cha serikali ya Kiingereza mwaka 1906. Uko kwenye miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na kutoka kwetu Mombasa ni safari ya kilomita zipatazo 600. Ukipanda upande wa mlima wakuta mashamba ya kahawa, kisha ya chai, na viwanda vya chai vya Mungania, Kathangariri na Rukuriri. Ukiteremka upande wa Mbeere nchi huwa kavu na yenye joto, na huko ndiko uliko mmea ambao jina lake limekuwa maarufu katika mitaa yetu ya pwani kuliko jina la mji wenyewe: muguka.

Tulisali Maghrib na ndugu zetu wa huko, kisha tukakaa nao tukingojea Isha. Mzee mmoja akatuuliza: "Wanangu, jani letu hulala njiani usiku mmoja likafika kwenu. Sisi twalichuma, nyinyi mwalitafuna. Wako hapa waliosomesha watoto kwa jani hilo. Sasa twasikia mwalia kwamba limewaharibia vijana. Mwataka tufanye nini?"

Tulinyamaza kitambo. Swali lake lilikuwa na haki ndani yake, wala halikutaka jawabu la pupa. Makala haya ni jawabu la upande wetu sisi tunaotafuna, na sisi tunaowatazama wanaotafuna. Upande wa mkulima na riziki yake una masuala yake, na twawaachia wanazuoni na watu wa huko walio karibu nalo.

Wasomaji wetu wanakumbuka yaliyotokea mwezi wa Mei mwaka 2024. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Watu wa Embu wakalalamika kwamba wamekatiwa riziki. Rais William Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu mbele ya sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Katika muda wa wiki moja hivi watu waligawanyika makundi mawili, na barazani pakawa hapana mazungumzo mengine.

Sisi hatukuandika ili kuhukumu baina ya kaunti na kaunti. Lakini tulijiuliza: lau marufuku yale yangalisimama, je, kijana wetu angaliamka asubuhi yake akiwa mzima? Na yaliposimamishwa, je, kuna mtu aliyelazimishwa kutia jani kinywani? Gari hulileta jani mpaka sokoni. Kutoka sokoni mpaka kinywani hulipeleka mkono wa mtu mwenyewe. Amri ya serikali yaweza kufunga njia ya gari, ama njia ya mkono hufungwa na mwenye mkono.

Tutazame basi mkono huo ulifundishwaje. Hakuna kijana aliyeamka siku moja akasema: "Leo naanza kuharibu usingizi wangu, meno yangu na mfuko wangu." Alianza kwa majani machache aliyopewa na rafiki, usiku wa mapumziko. Kisha ikawa kila wiki. Kisha ikawa kila siku baada ya Alasiri, mahali pale pale, pamoja na watu wale wale. Kisha yakaja yanayoandamana nayo: njugu, ubani wa kutafuna wenye sukari, soda, sigara. Usiku hapati usingizi, Alfajiri yampita, mchana hana hamu ya chakula wala ya kazi, na jioni hutafuta tena kile kile kilichomuondolea usingizi ili kimuondolee uchovu wa kukosa usingizi. Katika majani hayo mabichi mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho huchangamsha akili na kuupigisha moyo mbio, na hupungua nguvu jani linapokauka. Ndiyo sababu ya magari yake kwenda kwa kasi ile. Shirika la Afya Duniani liliuhesabu mmea huu mwaka 1980 katika vitu ambavyo mtu hutumia vibaya mpaka vikamshika, ijapokuwa kushika kwake si kwa nguvu kama pombe au tumbaku.

Wala suala hili si geni kwa wanazuoni. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka katika karne ya 10 ya Hijra, aliandika risala nzima juu ya mmea huu baada ya wanazuoni wa Yemen kukhitalifiana. Naye akawanasihi watu wajiepushe nao, kwa kuwa mwenye kuilinda dini yake hulikimbia lenye shaka. Na hapo palikuwa hapajajulikana habari za shinikizo la damu wala za moyo kama zijulikanavyo leo.

Lakini sisi watu wazima tusikae tukajiona tumesalimika kwa kuwa hatutafuni. Mwenye kunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari, amekwisha kula vijiko 12, nazo ni karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani lasema sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na bora isizidi 25. Basi mzee wetu ameufikia mpaka kabla hajagusa mahamri wala halua. Kisha akisikia adhana ya msikiti ulio mtaa wa pili, huita tuktuk. Naye pia hakuanza siku moja. Alianza kidogo kidogo, kama kijana wa muguka, tofauti ni kuwa yeye hakuandikiwa marufuku.

Ndugu zetu, hili ndilo tulitakalo mlishike: madhara haya yote yaliingia kwetu kwa mlango wa kidogo chenye kudumu. Na mlango huo ndio Mtume (s.a.w.) aliotuonyesha kuwa ndio mlango wa kheri. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ni chache. Twaisikia hadithi hii kila Ramadhani, na twaitumia kwa kisomo na sadaka. Kwa nini hatuitumii kwa miili yetu, ilhali mwili ndio chombo cha amali zote hizo?

Mkitaka kuona jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoichukia juhudi ya kupita kiasi isiyodumu, tazameni hadithi ya kamba. Aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab. Akichoka katika sala hujishikilia. Akaamuru ifunguliwe, akafundisha kuwa mtu asali wakati ana nguvu, na akichoka aketi. Tazameni pia habari ya Abdallah bin Amr (r.a.), aliyetaka kufunga kila siku na kusimama kila usiku. Mtume (s.a.w.) akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki, na mkewe ana haki, akamuonyesha njia nyepesi. Abdallah akaomba zaidi na zaidi. Alipokuwa mzee na nguvu zimempungua, alitamani lau angaliikubali ruhusa aliyopewa, kwani hakupenda kuliacha alilokwisha kulizoea.

Sasa linganisheni na ada yetu. Twamjua mwenzetu mmoja, fundi wa cherehani, ambaye daktari alimwambia damu yake imepanda. Akarudi nyumbani na azma kubwa: siku ile ile aliacha sukari, aliacha chumvi, aliacha muguka, akanunua viatu vya kukimbilia, na kesho yake alfajiri akakimbia mpaka akashikwa na kizunguzungu. Siku ya nne miguu ilimuuma, hakutoka. Siku ya sita alialikwa harusini. Siku ya kumi alikuwa kwenye baraza lake la zamani, akisema: "Mimi nimejaribu, haiwezekani." Haikuwa kweli kwamba haiwezekani. Kweli ni kwamba aliuchukua mzigo wa mwaka mzima akautaka uishe kwa wiki moja.

Asubuhi ya pili ya safari yetu, wenyeji wetu walitupandisha kwenye mashamba ya chai. Tulimuona mama mmoja wa makamo, kapu mgongoni, akichuma kama ichumwavyo chai: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Tulipompita asubuhi chini ya kapu palikuwa pamefunikwa tu. Tuliporudi karibu na adhuhuri kapu limejaa. Hatukumuona akienda mbio hata mara moja. Mmoja wetu akasema: "Nchi moja yatoa majani mawili, na yote mawili huchumwa kidogo kidogo." Ndivyo yalivyo mazoea, mema na mabaya.

Huenda mtu akauliza: "Je, mwatuambia kilicho kiovu tukiache polepole?" Jawabu letu ni hili. Mwenye uwezo wa kukiacha leo na akiache leo, wala asingoje kesho. Wala mtu asifanye maneno haya kuwa hoja ya kuendelea na uovu. Lakini tukumbuke hekima ya Mola wetu: ulevi ulikatazwa kwa hatua. Kwanza watu waliambiwa kuwa madhara yake yamezidi manufaa yake. Kisha wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Kisha ukaja mkato wa mwisho, na masahaba wakamwaga vyombo vyao katika njia za Madina. Waliweza kumwaga kwa siku moja kwa sababu nyoyo zilikuwa zimekwisha tayarishwa. Sheria leo imekamilika na haramu ni haramu. Ama namna ya kuutayarisha moyo na mwili, hiyo bado ni hatua kwa hatua. Na mwenye kuanguka baada ya kutubu asikate tamaa, bali ainuke.

Watu wa elimu nao wameliona jambo hili. Watafiti wa University College London walitoa mwaka 2009 matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 96, kila mmoja amechagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda au kutembea, baada ya tukio fulani la siku. Waliona kuwa jambo lilichukua kiasi cha siku 66 hivi hata likawa lafanyika bila ya kujilazimisha. Kwa wengine siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa kufika siku 254. Na wakaona kuwa kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa. Basi fundi wetu aliyekata tamaa siku ya kumi alikata tamaa mapema mno.

Zingatieni kuwa watu wale walilifunga jambo lao kwenye tukio la siku. Na sisi Waislamu tumepewa matukio matano ya kila siku yasiyotupita. Mwenye kusali faridha peke yake hurukuu mara 17 na kusujudu mara 34 kila siku, tangu utotoni mpaka kaburini, bila ya kuona kuwa ni kazi kubwa. Hivi ndivyo kidogo hudumu. Tufunge basi mambo yetu ya afya kwenye nyakati hizo:

Baada ya Alfajiri, usirudi kitandani. Tembea robo saa tu, kabla jua halijakali. Ukizoea, ongeza. Wataalamu wa afya wanataka mtu mzima atembee kwa haraka au afanye kazi ya mwili mfano wa hiyo angalau dakika 150 kwa wiki, nazo ni nusu saa kwa siku tano. Huanzi na nusu saa, waifikia.

Kwenda Adhuhuri na Alasiri, nenda kwa miguu. Banu Salima walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zaandikwa. Ewe ndugu, thawabu hiyo waipa tuktuk kwa nini?

Wakati wa chakula, kumbuka mafundisho ya theluthi: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Punguza nusu kijiko cha sukari katika kila kikombe, kaa hivyo wiki mbili mpaka ulimi uzoee, kisha punguza nusu nyingine. Aliyekuwa na vijiko vitatu, baada ya wiki nane amebaki na kimoja na hakuona vita. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kwa vyakula vyote.

Baada ya Alasiri, saa ambayo kijana wetu amezoea kukaa kwenye muguka, asiiache tupu. Saa tupu hurudiwa na mwenyewe wa zamani. Aijaze mpira, au kuogelea, au kazi, au darsa. Na abadilishe mahali na wenzake, kwani baraza lile lile litamrudishia jani lile lile.

Baada ya Isha, lala. Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha. Mwenye kulala mapema ataipata Alfajiri, na mwenye kuipata Alfajiri ataipata ile robo saa yake. Na hivyo moja litavuta jingine.

Na mama zetu na dada zetu wasidhani kuwa maneno haya ni ya wanaume. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, kisha baada ya muda Mtume (s.a.w.) akamshinda yeye. Bwana anayempenda mkewe na atembee naye asubuhi. Na isiwe haya iliyo na mipaka yake ikageuzwa kifungo cha maradhi. Ama mwenye ugonjwa wa moyo, au wa sukari, au mwenye kutumia dawa, na amuulize daktari wake kwanza.

Fundi wetu alirudi darasani miezi baadaye. Safari hii hakununua viatu. Tulimuomba achague jambo moja tu. Akachagua kuja Alfajiri kwa miguu na kurudi kwa njia ndefu. Baada ya miezi miwili akatuambia: "Sasa nisipotembea naona nimesahau kitu." Sukari aliigusa baadaye. Muguka ulimchukua muda mrefu zaidi, akauacha, akarudi mara mbili, akauacha tena. Leo anapopita mbele ya baraza lake la zamani huwasalimu wenzake na kwenda zake. Hatusemi amepona maradhi yake. Twasema amekuwa mwenye amri juu ya mkono wake.

Basi lile jawabu tulilompa mzee wa Embu lilikuwa hili: "Mzee wetu, la kwanza si lako, ni letu. Gari haliji mahali ambapo hapana mnunuzi." Naye akatabasamu akasema: "Basi nendeni mkaanze, nasi huku tutaona." Akatuwekea deni, nasi twawawekea nyinyi.

Ewe msomaji, usiondoke kwenye ukurasa huu na azma kumi. Chagua moja, ndogo, ambayo utaiona aibu kushindwa nayo. Ifunge kwenye sala moja. Na uianze kesho. Siku ikikupita, usihesabu kuwa umeshindwa. Ishike siku ya pili yake. Siku ya Kiyama mtu ataulizwa juu ya mwili wake aliutumia katika nini, na itakuwa hasara kubwa kujibu kuwa ulikwisha kwa majani na vijiko.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu na katika masikio yetu na macho yetu, na utujaalie kidogo chetu kiwe chenye kudumu, na uwahifadhi vijana wetu wa pwani na wa bara. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.